SOMO LA 12: BUNDUKI HUTUNZWA KABLA YA HATARI

Kila mkulima analijua jembe lake. Mpini ukilegea, hangoji siku ya kulima ndipo aukaze. Bunduki nayo ni chombo cha kazi. Lakini jembe likiharibika, utachelewa kulima. Bunduki ikiharibika, mtu anaweza kufa.

Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ulisisitiza kwamba ulinzi wa Tanzania ni kazi ya wananchi wote. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Wanamgambo wengi waliitwa, wakaenda vitani pamoja na Jeshi la Wananchi. Vita hivyo vilikwisha mwaka 1979. Wengi wa wanamgambo hao walikuwa wakulima na wafanyakazi. Waliyojifunza katika mafunzo ndiyo waliyokwenda nayo vitani.

Bunduki ya SAR

Bunduki moja inayojulikana sana nchini ni SAR. Ilibuniwa Urusi, na China nayo ilitengeneza nyingi. Uzito wake ni karibu kilo 4. Huingia risasi 10. Ukivuta kifyatulio mara moja, hutoka risasi moja. Kisha nguvu ya moshi wa baruti husukuma vyuma vya ndani. Vyuma hivyo hutupa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Kwa hiyo vyuma hivyo vikichafuka, bunduki hukwama.

Usalama kwanza

1. Kila bunduki uihesabu kuwa ina risasi, mpaka uhakikishe mwenyewe.
2. Usimwelekezee mtu bunduki, hata kwa mchezo.
3. Usiweke kidole kwenye kifyatulio mpaka umelenga na umeamriwa.
4. Jua kilicho nyuma ya shabaha, maana risasi hupenya na kwenda mbali.

Uwanja wa shabaha

Tuseme mwanamgambo mmoja yuko uwanjani. Amelala kifudifudi katika vumbi. Anapiga risasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne haitoki. Bunduki imekwama.

Anataka kugeuka amwonyeshe mkufunzi. Mkufunzi anapaza sauti: "Usigeuke! Elekeza mtutu kwenye shabaha. Inua mkono, ungoje."

Kama angegeuka, mtutu ungewaelekea wenzake waliolala kando yake.

Mkufunzi anatoa risasi zote na kuifungua bunduki. Ndani kuna tope jeusi la mafuta na mchanga.

"Ndugu, uliisafisha lini?"

"Jana, Afande. Nikapaka mafuta mengi sana."

"Hapo ndipo ulipokosea. Mafuta mengi hushika vumbi. Vumbi na mafuta huwa tope, na tope huzuia chuma kwenda. Futa mpaka ibaki inang'aa kidogo tu."

Mwanamgambo huyo amejua kosa lake uwanjani, mbele ya shabaha ya karatasi. Hiyo ni bahati kubwa. Angelijua mbele ya adui, asingepata nafasi ya kuuliza.

Maadui wengine wa bunduki

Adui mmoja ni chumvi. Baadhi ya risasi, hasa za zamani, huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na chuma hupata kutu. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi. Huondolewa kwa maji, bora yawe ya moto. Kisha chuma hukaushwa kabisa, ndipo hupakwa mafuta kidogo.

Adui mwingine ni grisi iliyoganda. Ndani ya SAR mna pini ndogo inayogonga kitako cha risasi. Pini hiyo lazima iende mbele na nyuma bila kuzuiwa. Grisi au kutu ikiikwamisha mbele, bunduki inaweza kufyatuka yenyewe risasi inapoingia, bila mtu kuvuta kifyatulio. Ndiyo sababu mtutu lazima uelekee mahali salama hata wakati wa kuingiza risasi.

Usifungue bunduki bila mkufunzi kuwapo. Kabla ya kusafisha, toa risasi zote na utazame ndani mara mbili.

Vifaa vingine

Mkanda wa kubebea bunduki hulegea nyuzi kwa jasho na mvua. Kagua mishono yake. Viatu vya ngozi vikilowa, vianike kivulini. Ukiviweka karibu na moto, ngozi hukauka na kupasuka. Chupa ya maji ijaribiwe kama inavuja kabla ya safari, si njiani. Ukiona kasoro, itaje siku ile ile. Kuficha kasoro ni kumwachia mwenzako hatari.

Mafunzo yakiisha, bunduki huhesabiwa na kurudishwa ghalani. Ni mali ya umma. Kesho ataishika mwingine, na uhai wake utategemea usafi ulioufanya wewe leo.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali

1. Kwa nini mafuta mengi huharibu bunduki?
2. Bunduki ikikwama uwanjani, ufanye nini? Usifanye nini?
3. Chumvi huondolewaje ndani ya mtutu?
4. Jadilianeni darasani: Ni chombo gani cha kazi hapa kijijini kinachoharibika kwa kukosa matunzo? Nani atakikagua, na lini?