HERUFI NI ALAMA YA SAUTI
Namna ya Kumfundisha Mtoto Kusoma na Kuandika

Kila msafiri ateremkaye ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu auona Mlima Longonot umesimama mbele yake, na kilele chake chafika mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Husemwa kwamba jina lake latokana na neno la Kimaasai, Oloonong'ot, yaani mlima wenye migongo mingi. Msomaji akiyaweka majina hayo mawili pamoja ataona jambo la ajabu kidogo. Katika jina la Kimaasai sauti ya n yatangulia, kisha yafuata sauti ya ng' kama ile ya neno ng'ombe. Katika jina liandikwalo kwenye ramani, sauti hizo mbili zimebadilishana mahali, na ile alama ndogo ya juu imeanguka njiani.

Kosa la namna hii katika ramani halimdhuru mtu, kwa maana mlima ni ule ule. Lakini sauti zikipotea njia kati ya kinywa na karatasi katika daftari la mtoto, madhara yake ni makubwa. Wako watoto wanaokwenda shule miaka miwili au mitatu, wanaimba kurasa za kitabu bila kukosea, na hata hivyo hawawezi kumsomea bibi yao barua fupi. Huko si kusoma, ni kukariri. Mzazi atakaye kumjua mtoto wa namna hiyo afunike picha ya kitabu kwa kiganja, aonyeshe neno moja katikati ya ukurasa, aulize: "Hapa pameandikwa nini?" Aliyekariri atarudi mwanzo wa ukurasa aimbe tena. Asomaye atalitamka neno lile.

JINA LA HERUFI SI SAUTI YAKE

Chanzo cha taabu hii mara nyingi ni kimoja. Mtoto amefundishwa majina ya herufi, hakufundishwa sauti zake. Akiliona neno baba, husema "bii, ei, bii, ei," kama alivyosikia alfabeti ya Kiingereza ikiimbwa. Hata akirudia mara mia, "bii, ei, bii, ei" haiwezi kuwa baba. Mtoto hana kosa. Amepewa funguo za nyumba nyingine.

Yapasa basi mtoto afahamu tangu siku ya kwanza kwamba herufi ni alama ya sauti. Akiona m, afumbe midomo na kuvumisha: mmm. Akiona s, atoe sauti kama ya nyoka: sss. Sauti za m, n, s, f, l na z zaweza kuvutwa, na kwa hiyo ni rahisi kuunganishwa na sauti inayofuata. Sauti za b, t, k na p hazivutiki. Mwalimu azitamke kwa mkato, asizikokote zikawa "be" au "ka", maana mtoto atadhani kwamba vokali ile ni sehemu ya herufi.

BAHATI YA MSOMAJI WA KISWAHILI

Kiswahili kilianza kuandikwa pwani kwa herufi za Kiarabu, na baadaye kikaandikwa kwa herufi za Kirumi. Mwaka 1930 ilianza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, nayo ikasaidia kuweka tahajia moja kwa nchi zote nne. Faida yake kwa mtoto ni kubwa. Vokali ni tano tu, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti ile ile popote iandikwapo. Konsonanti nazo ni waaminifu. Anayezijua sauti zaweza kumfikisha hata kwenye neno ambalo hajaliona maishani mwake.

Kiingereza sivyo. Katika "cut" na "put", herufi u ni ile ile lakini sauti ni mbili. Katika "cat" na "city", herufi c yasema jambo moja hapa na jambo jingine pale. Kwa sababu hiyo ni vema mtoto azijue kwanza sauti za lugha aisemayo. Akishika njia hiyo barabara, atakwenda kwenye Kiingereza akiwa tayari anajua kusoma ni kitu gani, na atakalobakiwa nalo ni kujifunza sauti na desturi za lugha ile.

KAZI YA SIKIO YATANGULIA

Kabla ya kushika kalamu, sikio lifundishwe. Mchezo wake hauna gharama, na hata babu asiyejua kusoma aweza kuuongoza. Mtu mzima ataje neno, na mtoto apige kofi kwa kila silabi: ma-ji, ki-ta-bu, nyu-mba. Kisha aulizwe ni maneno gani yaanzayo kwa sauti ya mmm. Atataja mama, maji, mahindi, na pengine mlima.

Hapo kwenye mlima mwalimu atulie kidogo. Katika neno hilo m ni silabi peke yake: m-li-ma. Ndivyo ilivyo katika m-tu na m-to, na katika m-bwa pia. Lakini mbuzi hupigiwa makofi mawili, mbu-zi, maana hapo m imeungana na b. Mtoto aliyeusikia umbali huu kwa makofi yake hatashangaa atakapoukuta kitabuni.

HERUFI SITA ZATOSHA KUANZA

Si lazima kungoja mpaka herufi zote zijulikane. Chukua sita tu: a, i, u, k, m, t. Ziandikwe kwenye vipande vya boksi, au chini kwenye vumbi kwa kijiti, kwani ardhi ya Longonot ina vumbi laini la volkano lifaalo kama ubao. Mwalimu aitoe sauti ya m na sauti ya a, kwanza mbali mbali, kisha karibu karibu, kisha pamoja: mmm, a, mm-a, ma. Baada ya hapo ma na ma huwa mama.

Kwa herufi hizo sita mtoto aweza kusoma mama, kaka, kuku, kiti, mti, kata, kamata, tikiti na mkuki. Aweza hata kusoma amri kamili: "Kaka, kata mti! Mama, kamata kuku!" Mtoto acheke, kwa kuwa amefahamu. Kicheko hicho ni dalili nzuri kuliko kurasa kumi za kukariri. Kila siku chache iongezwe herufi moja, na maneno yaliyopita yarudiwe.

Baada ya herufi moja moja huja zile sauti ziandikwazo kwa herufi mbili: ch, sh, ny, dh, th, gh. Mtoto aambiwe wazi kwamba hizi ni ndugu wawili wasemao kwa kinywa kimoja. Mwisho zije ng na ng', kila moja na neno lake: ngoma na ng'ombe, ngano na ng'ambo. Alama ile ya juu si pambo. Akiiacha, amebadili sauti, kama ilivyolipata jina la mlima.

KUTOKA SAUTI KWENDA HERUFI

Kusoma ni kutoka herufi kwenda sauti. Kuandika ni kurudi kwa njia ile ile. Kwa hiyo imla iende pamoja na kusoma tangu mwanzo. Neno litajwe polepole, mtoto alikate silabi kwa makofi, kisha aandike kila sauti aisikiayo.

Hapa ndipo lugha ya nyumbani ionekanapo. Katika mashamba na vijiji vya Longonot, Mai Mahiu na Naivasha wanakaa Wamaasai, Wakikuyu, Wakalenjin, Wajaluo, Waluhya, Wakisii na wengine wengi, na kila mtoto huja darasani na sikio la kwao. Kikuyu hakina sauti ya l, na mtoto wake aweza kuandika kura badala ya kula, au mahari badala ya mahali. Mtoto asemaye Kikalenjin aweza kuchanganya b na p, akaandika pata akimkusudia bata wa majini. Katika Kijaluo hakuna sauti ya sh, na shamba laweza kuwa samba.

Mwalimu asicheke, wala asiwaache watoto wengine wacheke. Mtoto ameandika kwa uaminifu kile alichokisikia. Dawa yake ni kuyaweka maneno mawili kando kando, kula na kura, bata na pata, mahali na mahari, pamoja na picha au kitendo cha kila neno. Mtoto aangalie kinywa cha mwalimu, ajaribu mwenyewe, kisha aonyeshe neno lililotajwa. Sikio likishazoea kutenga, mkono utafuata.

MAJARIBIO YA NAKURU

Njia hii imekwisha kupimwa katika shule za nchi hii. Tangu mwaka 2011 hadi 2014 Wizara ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa fedha za Marekani, ilifanya majaribio ya kusoma na hesabu yaliyoitwa PRIMR katika shule za Nairobi, Kiambu na Nakuru. Watoto walifundishwa sauti za herufi kwa utaratibu, kila mmoja akiwa na kitabu chake mkononi, na walimu wakapewa mwongozo wa kila somo. Mwalimu alifanya kwanza peke yake, kisha akafanya pamoja na darasa, kisha watoto wakafanya wenyewe. Maofisa wa elimu walizunguka shuleni kuwasaidia walimu na kuwasikiliza watoto wakisoma.

Watoto wa shule hizo waliwashinda wenzao katika kusoma, na kuanzia mwaka 2015 mpango ulienezwa katika shule za msingi za serikali nchini kote kwa jina la Tusome. Hata hivyo si kila mtoto aliyefikia kipimo, na kazi haikwisha. Kipimo chenyewe kilikuwa kwamba msomaji mwepesi asome kwa usahihi maneno 45 kwa dakika katika Kiswahili na 65 katika Kiingereza. Tofauti hiyo haina maana kwamba Kiswahili ni kigumu. Neno moja la Kiswahili hubeba mzigo mkubwa: "tutakapowaona" ni neno moja tu, lakini Mwingereza ahitaji maneno matano kusema jambo hilo.

Wepesi huo una maana. Mtoto anayekokota kila silabi husahau mwanzo wa sentensi kabla ya kufika mwisho. Kwa hiyo akishajua kuunganisha sauti, asome hadithi ile ile mara mbili au tatu mpaka ulimi uwe mwepesi, na kila mara aulizwe: "Kaka amekata nini? Kwa nini?" Sauti bila maana ni kelele tu.

MAMBO YA KUEPUKA

Mtoto asilazimishwe kubahatisha neno kwa kutazama picha. Asipewe ukurasa mzima kabla hajaweza mstari. Asipigwe kwa kukosea, kwa maana mtoto mwenye hofu husikiliza fimbo, hasikilizi sauti. Na asifanywe kama mjinga kwa sababu ndugu yake aliwahi kufahamu mapema. Wengine hushika kwa wiki chache, wengine huhitaji mwaka.

Wala mtu mzima asidhani kwamba wakati wake umepita. Mwaka 2004, huko Eldoret, Mzee Kimani Maruge alijiandikisha katika darasa la kwanza akiwa na miaka 84, akaketi pamoja na watoto wadogo, kwani alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Sauti za herufi ni zile zile kwa mzee na kwa mtoto.

Mzazi atakaye kuanza jioni ya leo hahitaji zaidi ya vipande sita vya boksi na dakika kumi kila siku. Haba na haba hujaza kibaba. Siku moja mtoto yule atapita na mzazi wake karibu na stesheni ya reli, ataona bao lililoandikwa LONGONOT, na bila kuambiwa ataanza mwenyewe: lo, ngo, no... Kisha atasimama kwenye ile t ya mwisho, ashangae, kwa maana maneno mengi ya Kiswahili huishia kwa vokali, na atauliza: "Baba, mbona neno hili limekatika?"

Hapo baba amwambie kwamba jina hilo ni la Kimaasai, na amweleze habari za mlima wenye migongo mingi. Mtoto aulizaye hivyo amekwisha kujua kusoma.