Shimesikio Ikinyamaza: Kipi Kimechakaa?

Asubuhi, kabla ya chai, bibi anabandua kibandiko cha rangi ya chungwa kwenye betri yenye ukubwa wa punje ya hindi. Haitii papo hapo kwenye mashine yake ya kumsaidia kusikia. Anaiacha mezani dakika moja au mbili, kwa kuwa betri hizi za zinki hufanya kazi kwa kuvuta hewa kupitia vitundu vilivyozibwa na kibandiko hicho. Kikishatoka, siku za betri zimeanza kuhesabika, na kukirudisha hakusaidii. Betri yake, namba 13, hudumu kama wiki moja hadi mbili. Ile ndogo, namba 10 yenye kibandiko cha njano, mara nyingi haivuki wiki.

Mashine yenyewe, shimesikio, kwa kawaida hutumika miaka 3 hadi 7, na wengi huibadilisha karibu na mwaka wa 5. Ukipiga hesabu, si muda mfupi. Anayeivaa saa 12 kwa siku huwa ameitumikisha saa 21,900 ndani ya miaka 5, tena ikiwa imeshikamana na ngozi yenye jasho, mafuta ya nywele na nta ya sikio. Redio ya sebuleni huzimwa wageni wakija. Shimesikio ndiyo kwanza huongezewa kazi.

Kabla ya kusema imekufa

Katika nyumba nyingi, mashine ikinyamaza hufungiwa kabatini, na ndugu wakaanza kuchangishana fedha za kununua nyingine. Kumbe huenda kilichoharibika ni kipande kimoja tu.

Kitundu cha kutolea sauti huzibwa na nta. Mrija laini unaopeleka sauti sikioni hugeuka manjano na kukakamaa. Huo hubadilishwa kila baada ya miezi 3 hadi 6. Kizibo, yaani kipande kilichotengenezwa kwa kipimo cha sikio la mtu, kikilegea huvujisha sauti, na ndipo mluzi unaposikika mtu akitafuna. Kwa mtoto mchanga, sikio hukua upesi hata kizibo kikahitaji kubadilishwa kila baada ya miezi michache, ingawa mashine ni ile ile.

Adui mkubwa wa watu wa pwani ni unyevu. Jioni mashine ifutwe kwa kitambaa kikavu, kifuniko cha betri kiachwe wazi, kisha ilazwe kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na chembe za kunyonya unyevu zinazouzwa kwa kazi hiyo. Isianikwe juani wala kuwekwa karibu na jiko. Betri, mpya na zilizokwisha, zikae mbali na watoto. Mtoto akimeza betri, au akiiingiza puani au sikioni, apelekwe hospitali mara moja.

Sikio nalo hubadilika

Wakati mwingine mashine ni nzima, ila usikivu wa mwenyewe umeshuka. Ndiyo maana anayetumia shimesikio hupimwa walau mara moja kwa mwaka. Shimesikio ya kidijitali huunganishwa na kompyuta na kupangwa upya kulingana na vipimo vipya, bila kununua nyingine. Huenda pia sikio limejaa nta tu. Hiyo huondolewa na mhudumu wa afya, si kwa njiti ya kiberiti. Usikivu ukishuka ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo, mashine ya marehemu babu haivikwi bibi hivi hivi. Ilipangwa kwa masikio ya babu. Mtaalamu aipime, aipange upya, na bibi atengenezewe kizibo chake.

Lini ununue nyingine

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupotewa na usikivu, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huko mashine moja inaweza kumeza akiba ya familia, hivyo uamuzi huu unahitaji utulivu. Sababu za kununua ni hizi: mashine inarudi kwa fundi kila mara, vipuri vyake havipatikani tena, imeingiwa na kutu ndani, au imepandishwa sauti hadi mwisho na mwenyewe bado hasikii vizuri.

Siku ya kwenda kliniki, bibi abebe mashine, vizibo na betri anazotumia. Aende na mtu anayeishi naye pia. Mwenyewe anaweza kusema anasikia vizuri tu. Mjukuu ndiye anayejua sauti ya televisheni imepandishwa hadi wapi tangu Ramadhani.