Goti la mbwa likilegea, usimpe dawa zako

Jioni moja mzee jirani yangu hapa Bomet alinijia akimvuta mbwa wake kwa kamba. Ni mbwa wa kulinda, wa kilo 30 na ushei, na mguu wake mmoja wa nyuma uligusa chini kwa ncha za vidole tu. “Daktari, nimempa Brufen mbili tangu jana, lakini bado anachechemea,” akasema.

Mimi ni daktari wa watu. Kumpasua mbwa si kazi yangu, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inawaachia kazi hiyo matabibu wa mifugo waliosajiliwa. Lakini dawa nazijua, kwa hivyo nilimwomba asimpe kidonge kingine.

Msomaji, hilo ndilo la kushika kwanza. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki huweza kumtia mbwa vidonda vya tumbo na kumharibu figo. Akitapika, akikataa chakula au akitoa kinyesi cheusi kama lami, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usijidanganye kwamba nusu kidonge ni salama. Zipo dawa za maumivu zinazowafaa mbwa, naye daktari huyo huzipima kwa uzito wa mnyama.

Sasa tuje kwenye goti. Ndani yake, kwa mtu na kwa mbwa, mna kano mbili zilizopishana kama msalaba. Ile ya mbele huzuia mfupa wa muundi usichomoke mbele chini ya mfupa wa paja. Mcheza mpira huikata ghafla, anapogeuka huku mguu umekita chini. Ya mbwa mara nyingi huchakaa polepole, kisha siku moja anaruka mtaro tu nayo inakatika. Ndiyo maana mbwa wengi hupatwa na ugonjwa huo huo baadaye katika goti la pili.

Daktari wa mifugo humlaza mbwa na kuusukuma muundi. Ukitoka mbele kama mtoto wa meza, kano imekatika. Eksirei haionyeshi kano yenyewe, ila husaidia kujua kama mfupa umevunjika au una uvimbe.

Mbwa mdogo, chini ya kilo 15, huweza kupata nafuu kwa kuzuiwa kukimbia kwa wiki kadhaa. Kwa mkubwa, upasuaji ndio wenye matumaini zaidi. Njia ya zamani ni uzi mnene wa nailoni, unaopitishwa nje ya kiungo kutoka nyuma ya goti hadi kwenye tundu lililotobolewa muundini. Uzi hushikilia goti mpaka mwili ujenge kovu gumu.

Njia ya pili ilichapishwa mwaka 1993 na Mmarekani Barclay Slocum. Kilele cha muundi wa mbwa huinamia nyuma kwa takriban digrii 25, kwa hivyo kila akikanyaga, paja huteleza kama mkokoteni mteremkoni. Slocum alikata kilele hicho kwa msumeno wa duara, akakizungusha mpaka mteremko ukabaki digrii 5 hivi, kisha akakifunga kwa bamba la chuma na skrubu. Nilishangaa niliposoma hayo, kwa kuwa sisi kwa watu hupandikiza kano nyingine. Yeye kano aliiacha, akaondoa mteremko!

Mtu akiumia goti hapa kwetu hukimbilia Tenwek. Mbwa aanzie kwa daktari wa mifugo aliye karibu. Akihitaji upasuaji wa mifupa, kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete. Piga simu kwanza uulize gharama.

Kazi ngumu huja baada ya kisu: wiki 8 au zaidi za kufungwa, kutembezwa kwa kamba fupi, bila kuruka wala kunenepa. Mzee aliguna. “Na nani atalinda boma?” Sikuwa na jibu la kitabuni. Mwishowe aliazima mbwa wa shemeji yake.