Linamisi Likipanda Sekenke

Swali: Gari langu la lita 1.4 lina turbo. Hapa Tabora mjini halina shida, ila nikienda Singida, kwenye mlima Sekenke linamisi na taa ya injini inawakawaka. Fundi anataka tubadilishe pampu ya mafuta. Nikubali?

Jibu: Pampu isubiri. Mlimani turbo inashindilia hewa, na cheche hupata kazi kuruka pengo la plagi. Plagi iliyolika mjini itakuvumilia, Sekenke itakuumbua. Zifungue injini ikiwa imepoa, upime pengo kwa fila. Turbo ndogo nyingi hutaka kama milimita 0.7 au 0.8, ila mwamuzi ni kitabu cha gari. Angalia na kauri nyeupe: ukiona mstari mweusi kama wa penseli, hapo umeme ulitoroka. Tupa.

Plagi zikiwa nzima, hamishia koili ya silinda inayomisi kwenye silinda nyingine. Tatizo likihama nayo, mwizi umempata.

Taa ikiwakawaka, punguza mafuta. Petroli isiyoungua huenda kuunguza katalisti, na bei yake si ya plagi.