Kaske Yako: Kuisafisha na Kuitunza

Soma kwanza: 1 Samweli 17:4-6, 38-40 na 49, Kumbukumbu la Torati 22:8.

Ndugu msomaji, leo tutajifunza habari za chombo ambacho watu wengi wa Dilala wanacho, lakini wachache wanakitunza. Ni kofia ngumu ya pikipiki, ambayo sisi wa Kolwezi tunaiita kaske.

Labda utauliza, "Kwa nini hospitali ya misioni inafundisha habari za kofia? Wafundishe malaria na kuhara." Hayo tunayafundisha pia. Lakini ukiingia katika wodi yetu siku ya Jumatatu asubuhi, utaona vitanda vya watu walioanguka na pikipiki Jumamosi na Jumapili, na hutauliza tena.

Nitakuambia jambo moja. Usiku mmoja wa kiangazi walituletea kijana anayebeba watu kwa pikipiki, mmoja wa wale tunaowaita wewa. Gurudumu la mbele liliingia katika shimo, akatupwa. Ndugu yake alikuja nyuma akishika kaske mkononi. Kaske ile ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo mkubwa. Nilistaajabu, maana kichwa kilikuwa kimevimba upande mmoja na mgonjwa hakujua yuko wapi. Ndipo nikageuza kaske na kuangalia ukanda wa kidevu. Ulikuwa umekatika zamani, naye aliufunga kwa kipande cha waya wa umeme. Alipoanguka waya ulifunguka, kaske ikaruka kwenda zake, na kichwa kikapiga chini peke yake. Kijana yule hakufa, tunamshukuru Mungu. Lakini hata sasa mkono wake wa kuume hauna nguvu, na majina ya watoto wake huyatafuta kwanza kabla ya kuyataja. Fundi wa viatu angeushona ukanda ule kwa uzi mgumu kwa bei ya sahani moja ya bukari.

Basi, tuangalie kaske inafanya kazi namna gani. Ndani ya fuvu, ubongo umekaa kama kiini cha yai ndani ya ganda. Kichwa kinapopiga chini ghafula, fuvu husimama, lakini ubongo huendelea kwenda, ukajigonga ndani. Kaske ina ganda gumu nje, ambalo huzuia jiwe na kutawanya pigo. Chini ya ganda hilo kuna povu gumu jeupe, kama lile linalofunga televisheni mpya katika sanduku lake. Wengi hudhani ganda ndilo linaloponya. Sivyo. Povu lile ndilo linalopondeka badala ya kichwa chako, na likisha kupondeka halirudi kama kwanza. Kwa hiyo kaske iliyopigwa sana katika ajali imemaliza kazi yake, hata kama nje inang'aa.

Maarifa haya si ya zamani sana. Mwaka 1935, katika Uingereza, mwandishi na askari mashuhuri T. E. Lawrence alianguka na pikipiki yake bila kofia alipowakwepa vijana wawili wenye baiskeli. Alikufa baada ya siku sita kwa sababu ya pigo la kichwa. Mmoja wa waganga walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Hakuweza kumponya, lakini alianza kuchunguza vifo vya wenye pikipiki, na mwaka 1941 alitoa habari zake katika gazeti la waganga. Mwaka ule ule jeshi la Uingereza liliwaamuru wapeleka barua wake wa pikipiki kuvaa kofia ngumu. Karibu na wakati wetu, mwaka 2008, wachunguzi walikusanya masomo 61 kutoka nchi nyingi wakaona ya kuwa kaske hupunguza hatari ya kufa kwa sehemu 42 kwa mia, na hatari ya majeraha ya kichwa kwa sehemu 69 kwa mia.

Sasa usafi. Mtu anayepanda pikipiki ya wewa hupewa kaske ambayo imevaliwa na vichwa vingi tangu asubuhi. Inanuka jasho. Mama aliyesuka nywele zake jana anaitazama, anaikataa, anaishika mapajani. Je, tumlaumu mama? Kaske chafu haivaliwi, na kaske isiyovaliwa haisaidii mtu. Kwa hiyo usafi wa kaske ni jambo la uhai, si la uzuri tu.

Tena kuna magonjwa yanayopita kwa njia hii. Chawa hutembea kutoka kichwa mpaka kichwa. Mapunye, yale mabaka ya mviringo yanayonyoa nywele, hasa kwa watoto, huletwa na ukungu mdogo sana usioonekana kwa macho, na ukungu ule waweza kukaa siku nyingi katika kitambaa chenye jasho. Mtoto mwenye mapunye umlete hospitalini, kwa sababu mara nyingi mafuta ya kupaka hayatoshi, ni lazima ameze dawa. Tena sisi tunakaa katika nchi ya shaba na kobalti. Vumbi la barabara zinazopitwa na malori ya madini si udongo mtupu, na kobalti huwasha ngozi ya watu wengine hata ikatoka vipele. Ukiona vipele kwenye paji la uso, mahali kaske inapogusa, usikimbilie kusema umelogwa. Osha kaske kwanza.

Kuiosha si kazi kubwa. Chukua beseni la maji ya vuguvugu, yasiyounguza mkono, na sabuni ya kawaida ya kuogea. Kama kitambaa cha ndani kina vifungo, kifungue, ukiweke ndani ya maji, ukikamue kwa mkono pole pole, usikisugue kama suruali ya mgodini. Kama kitambaa kimeshikamana na kaske, chukua kitambaa kingine laini, ukichovye katika maji ya sabuni, ukisukume ndani ya sponji mpaka uchafu utoke. Kisha rudia kwa maji safi mpaka sabuni iishe kabisa, maana sabuni iliyobaki huwasha ngozi. Utastaajabu kuona rangi ya maji yale. Mara ya kwanza nilipoosha yangu, yalikuwa mekundu kama maji ya mto wakati wa mvua.

Kioo cha mbele kinataka uangalifu zaidi. Usikipanguse kikavu! Vumbi letu la kiangazi lina chembe za mchanga, nazo hukwaruza kioo kama msasa. Weka juu yake kitambaa kilicholowa, uache kwa dakika kumi, udongo na wadudu waliokauka watalainika. Ndipo upanguse pole pole kwa maji mengi. Watu wengine hutumia majivu au dawa ya meno ili king'ae, wanakiharibu. Kioo chenye mikwaruzo mchana ni kama ukungu kidogo, lakini usiku taa za malori yanayotoka njia ya Likasi zikikipiga, hutaona shimo wala mtoto. Kioo cha namna hiyo ubadilishe. Na kioo cheusi kisivaliwe usiku.

Kausha kaske kivulini, mahali penye upepo, ikiwa imegeuzwa kinywa juu. Usiiweke karibu na mbabula, wala juu ya bati lenye jua kali, kwa sababu joto kali hulainisha povu. Wakati wa mvua, kukauka kwaweza kuchukua siku mbili. Tia kitambaa kikavu ndani, ukibadilishe. Mwenye kubeba watu aoshe kila juma, na kila siku apanguse ndani kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Wewe unayepandishwa, tembea na leso yako safi, ujifunge kichwani kabla ya kuvaa kaske. Leso iwe nyembamba. Kilemba kikubwa huifanya kaske ikae juu kama chungu juu ya kata.

Sasa nataka kusema kwa nguvu. Usioshe kaske kwa esanse, wala mazuti, wala mafuta ya taa, wala dawa ya kuyeyusha rangi, wala maji ya javeli. Najua kwa nini watu hufanya hivyo: wanataka kuua chawa, au kuondoa gundi na mafuta ya mashine. Lakini fanya jaribu hili pamoja na darasa lako, nje, mbali na moto wote. Chukua kipande cha lile povu jeupe la televisheni, udondoshee matone machache ya esanse. Litayeyuka mbele ya macho yako kama chumvi katika maji. Hivyo ndivyo linavyofanya ndani ya kaske, mahali usipopaona. Juu kaske yako ni nzuri, na ndani hakuna kitu. Kwa habari ya chawa, kaa bila kuivaa siku mbili au tatu, uioshe kwa sabuni. Chawa hawezi kuishi siku nyingi mbali na kichwa. Rangi nayo ni vivyo hivyo. Vijana hupenda kuandika jina la TP Mazembe juu ya kaske kwa rangi ya kunyunyiza, na dawa iliyo ndani ya rangi ile yaweza kulidhoofisha ganda la plastiki. Mazembe watashinda au watashindwa bila kaske yako.

Usiitundike kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki mchana kutwa, kwa sababu ncha ile hubonyeza povu la ndani. Usiikalie ukingojea abiria sokoni. Usiiache iviringike chini.

Turudi sasa katika Neno la Mungu. Goliathi alikuwa na chapeo ya shaba. Sisi watu wa Katanga, ambayo tangu 1971 hata 1997 iliitwa Shaba, twaweza kujivunia chapeo ya namna hiyo! Lakini jiwe la Daudi lilimpiga wapi? Katika paji la uso. Chapeo ilikuwapo, na paji lilikuwa wazi. Ndivyo wanavyovaa wengi wetu, kaske imesukumwa nyuma kisogoni ili uso uonekane. Kaske ikae sawasawa, imefunika paji mpaka karibu na nyusi, nafasi ya vidole viwili. Naye Daudi alivalishwa chapeo ya Sauli, akaivua, maana hakuwa ameizoea. Kofia ya mtu mwingine, ya kipimo cha mtu mwingine, haikumfaa. Kwa hiyo jaribu hivi: vaa kaske, funga ukanda mpaka kidole kimoja au viwili tu vipite chini ya kidevu, tikisa kichwa, kisha mwambie mwenzako aivute kutoka nyuma kwenda mbele. Ikitoka, si yako.

Nimeona wengine wakipanda pikipiki na kofia ya mgodini. Kofia ile ni njema mahali pake. Imefanywa kwa jiwe dogo au chombo kinachoanguka kutoka juu, si kwa kichwa kinachoruka na kupiga barabara kwa ubavu. Haina povu lile, na mara nyingi haina ukanda wa kuishika. Usijidanganye nayo.

Lile neno la Kumbukumbu la Torati linahusu ukuta mdogo juu ya dari. Mwenye nyumba alipaswa kuujenga, asije mgeni akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Wewe unayebeba watu, kiti cha nyuma ni dari yako. Abiria hajui kwamba ukanda umekatika, wewe unajua. Kila asubuhi kabla ya kuondoka, vuta ukanda wa kila kaske kwa nguvu, funga na kufungua kifungo chake, kisha pitisha kidole juu ya ganda lote kutafuta ufa. Wakati wa kununua, tafuta alama ya herufi E ndani ya duara, yenye nambari kando yake, iliyoshonwa kwenye ukanda au ndani. Alama huigwa pia, kwa hiyo bonyeza ndani uone kama povu gumu lipo kweli. Nyingine zina sponji laini tu.

Jambo moja zaidi kwa wanaokuta ajali. Usimvute mtu kaske kichwani kwa haraka, kwa sababu shingo yaweza kuwa imevunjika. Kama anapumua, fungua kioo, mshike kichwa kisitikisike, mwache na kaske yake mpaka waganga. Kama hapumui, watu wawili waivue: mmoja ashike shingo na taya, mwingine aivute pole pole, ili mwanzishe msaada wa pumzi.

Na kaske iliyokwisha kupigwa katika ajali, au yenye ufa, usimpe mdogo wako, wala usiitupe jalalani ikiwa nzima, maana mtu ataiokota, ataiosha na kuiuza. Kata ukanda wake kwa kisu, kisha lipasue ganda kwa nyundo.

Maulizo ya darasa

1. Ni sehemu gani ya kaske inayopondeka badala ya kichwa? Kwa nini esanse ni adui yake?
2. Chapeo ya Goliathi ilipungukiwa na nini?
3. Nani kati yenu amekuja leo na pikipiki? Leteni kaske hapa mbele, tuvute mikanda.