Uhusika Usiovuliwa: Virginia McKenna

Nyumba ya Elsamere, si mbali na Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, ilikuwa makao ya Joy Adamson, mlezi wa simba jike Elsa. Uhusika wake katika filamu ya Born Free (1966) uliigizwa na Mwingereza Virginia McKenna, mzaliwa wa London (1931).

McKenna alikwisha kubobea jukwaani na katika filamu. A Town Like Alice (1956) ilimpatia tuzo ya BAFTA. Hata hivyo, Kenya ndiyo iliyougeuza mkondo wa maisha yake. Yeye na mumewe, Bill Travers, aliyeigiza George Adamson, walirejea kuigiza na ndovu mchanga, Pole Pole, ambaye baadaye serikali ya Kenya ilimtoa zawadi kwa bustani ya wanyama ya London. Jina hilo ni uradidi wenye maana ya taratibu; ‘pole’ ikisimama peke yake humfariji aliyefikwa. Ndovu huyo alikufa mwaka 1983, angali kijana.

Mwaka uliofuata wanandoa hao walianzisha Zoo Check, iliyokuja kuwa shirika la Born Free. Travers alifariki mwaka 1994. McKenna akaendelea na kazi hiyo.