Tawi Jema na Mizizi Yake
Somo la kujifunza pamoja: Yohana 15:1–8 na Warumi 11:16–24

Ndugu wapenzi, kila tukaribiapo Meza ya Bwana twapokea divai, lakini wengi wetu hawajauona mzabibu, wala hawajui taabu ya wautunzao. Kwa hiyo nataka kuwaeleza habari za shamba moja la Ufaransa. Asidhani mtu kwamba namsifu mlevi. Ulevi ni dhambi, nasi twajua sana maovu yake katika nyumba zetu. Habari zangu ni za mti na mizizi yake.

Katika nchi ya Bourgogne, upande wa mashariki wa Ufaransa, kiko kijiji kiitwacho Vosne-Romanée. Juu yake, kwenye mtelemko, liko shamba jina lake Romanée-Conti, na msalaba wa jiwe umesimama ukingoni mwake. Shamba lenyewe ni dogo, halifiki hekta 2. Mwaka 1869 lilinunuliwa na Jacques-Marie Duvault-Blochet, na watu wa uzao wake wangali miongoni mwa wenye shamba hata leo. Zabibu zake ni nyeusi, aina ya Pinot Noir. Maji ya zabibu hizo karibu hayana rangi; wekundu umo katika maganda. Basi huachwa siku nyingi pamoja na maganda yake zikichachuka, ndipo hukamuliwa, na divai hutiwa katika mapipa ya mwaloni. Divai ya shamba hili ni katika zile zenye bei kubwa kuliko zote duniani.

Lakini miaka ile ile msiba mkubwa ulikuwa umeingia Ufaransa. Mizabibu ilinyauka, majani yakawa manjano, nao watu wasijue sababu. Waliing'oa mizabibu iliyokufa wakaitazama mizizi yake, wasione kitu. Mwaka 1868 mtaalamu Planchon na wenzake wakaing'oa mizabibu iliyokuwa hai bado, nao wakaona wadudu wadogo sana wakinyonya mizizi. Kumbe mti ukiisha kufa, wadudu wamekwisha kuhamia mti wa jirani! Mdudu huyo, filoksera, aliletwa pamoja na mizabibu iliyotoka Marekani. Mwaka 1875 Wafaransa walipata divai hektolita milioni 84. Mwaka 1889 walipata kama milioni 23 tu.

Wokovu wa mashamba ulitoka huko huko ulikotoka msiba. Mizabibu ya mwitu ya Marekani ilikuwa imezoea kuishi na mdudu yule, na mizizi yake haikufa. Basi wakulima wakakata shina la Marekani, wakapandikiza juu yake kijiti cha mzabibu wao. Mizizi ikawa ya kigeni, lakini zabibu zikabaki zile zile za zamani.

Wenye shamba la Romanée-Conti hawakukubali. Kwao desturi ilikuwa kulilaza tawi la mzabibu wa zamani udongoni mpaka liote mizizi yake lenyewe; hivyo kila mti mpya ulikuwa mtoto wa mti wa kale. Waliona ni aibu kuukata ukoo huo. Wakanunua dawa kali ya kuua wadudu, wakaitia udongoni karibu na mizizi, mwaka baada ya mwaka. Mizabibu ikaishi, lakini haikupona. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, dawa ikakosekana, na watu wa kazi wakawa wachache. Mwaka 1945 mizabibu ile mikongwe ilizaa chupa kama 600 tu, kisha ikang'olewa yote. Wakapanda Pinot Noir iliyopandikizwa juu ya mashina ya Marekani. Tangu 1946 mpaka 1951 hapakuwa na divai ya Romanée-Conti. Mwaka 1952 shamba likazaa tena, nalo lazaa hata sasa.

Ndugu, habari hii yatugusa. Katika darasa la Kipaimara nilimwuliza kijana mmoja, "Kwa nini wewe ni Mkristo?" Akajibu, "Kwa sababu babu yangu alikuwa wa kwanza kubatizwa kijijini kwetu." Jibu lake lilinihuzunisha. Heshima ya babu ni njema, lakini imani ya babu haiwezi kuwa mizizi ya mjukuu. Wako watu katika sharika zetu ambao mti wao umenyauka tangu zamani. Wausimamisha kwa dawa ya desturi: jina la Kikristo, kiti cha mzee, mavazi ya sikukuu. Siku ya taabu dawa hukosekana, na mizizi huonekana ilivyo.

Tena angalieni tofauti. Mkulima wa Ufaransa huchukua tawi jema na kulitia juu ya shina la mwitu. Mtume Paulo anena kinyume chake: sisi ndio tawi la mwitu, na shina ndilo jema. Hatuleti wema wetu kwa Kristo. Twapokea uzima wake, na matunda hutoka kwake. Tena hakuna kupandikizwa pasipo kisu. Jamaa ile ilingoja miaka 6 bila mavuno. Nasi tusiogope kungoja Mungu akatapo yale tuliyojivunia.

Mwalimu na awaulize wanafunzi wake:
1. Kwa nini wataalamu hawakumwona mdudu katika mizizi iliyokufa? Dhambi yafananaje naye?
2. Mpandikizo wa Warumi 11 wapitaje kazi ya mkulima?
3. Ni desturi gani njema tuliyoigeuza kuwa dawa ya kuficha mizizi mibovu?

Bwana wa shamba atuhifadhi sote katika Mwanawe. Amin.